Mwende, Kabla Hujafungua Sanduku la Mashine

Mwende mwanangu,

Umetoka sasa hivi na vijana wenzako kwenda kanisani wakakuombee safari, na nyumba imenyamaza. Nimeona niandike kabla hujarudi, maana ukiwa mbele yangu mdomo wangu husema mambo ya blanketi na sabuni tu. Hayo nimeyasema wiki nzima, sitayarudia hapa.

Jana tukichagua mbaazi uliniuliza, "Mama, ile kompyuta ya kiwandani ilikufanyia mema ama mabaya?" Nikakwambia ulete karai lingine. Ulidhani sikusikia. Nilisikia, ila sikuwa na jibu, na hata sasa nikiwa na kalamu mkononi sina uhakika kama ninalo. Lakini kesho unaenda Nairobi kwa kampuni itakayokufundisha kuweka mashine hizo kwenye maofisi ya watu. Wewe ndiye utakayekuwa ukiingia mlangoni na sanduku. Kwa hivyo nitakueleza mambo vile yalivyotokea, hata pale ambapo mimi mwenyewe bado nimechanganyikiwa.

Wewe unakumbuka kiwanda cha pamba kikiwa kimetulia. Hukukijua zamani. Nilipoajiriwa kuwa karani wa mizani, nilikaa meza moja na Kavata, yule unayemwita shangazi ingawa si ndugu yetu. Mkulima alifika na magunia yake juu ya punda au mkokoteni wa ng'ombe, Muli akayapandisha kwenye mizani na kusoma kilo kwa sauti. Kavata aliandika jina, kijiji na kilo kwenye kitabu kikubwa. Mimi nikaandika risiti, na karatasi za kaboni chini yake. Jioni tulinakili majina yale yale kwa ajili ya ofisi ya malipo, na Jumamosi tukayanakili tena kwa ajili ya wakubwa wa kampuni. Mtu mmoja, gunia moja, na jina lake linaandikwa mpaka unalichukia. Ukichoka unaandika Mbithi badala ya Mbithe, halafu siku ya malipo mtu anaambiwa hayuko, na mnaanza kupekua vitabu vyote yeye akiwa amesimama pale anawatazama.

Foleni ilitoka mlangoni ikazunguka ua wote mpaka barabarani. Watu walilala pale na punda wao. Wengine walichoka wakawauzia madalali waliokuwa wakipita na malori, kwa bei ambayo hata dalali mwenyewe aliionea aibu. Kiwanda kilikuwa na mashine kubwa ya kuchambua pamba, lakini siku nyingi ilisimama ikingoja pamba ambayo ilikuwa hapo nje kwenye foleni, ikingoja kalamu zetu.

Mama mmoja wa Kalamba, jina lake Mbithe, alikuja akiwa mjamzito, akalala kwenye foleni, na asubuhi uchungu ukamshika. Watu walimwambia atoke akapumzike kivulini. Akakataa. Alisema akitoka, nafasi yake itachukuliwa, na mvua ikinyesha pamba yake itaharibika. Alijifungulia nyuma ya mizani, juu ya magunia. Kavata aliruka kutoka mezani, akafungua leso yake na kumshika. Mimi nilibaki kwenye kiti, kwa sababu wanaume waliokuwa nyuma walikuwa wakipiga kelele wanataka risiti zao, na mezani nilikuwa nimebaki mimi peke yangu. Nilimsikia mtoto akilia huku nikiandika jina la mtu mwingine. Sijui nikuambie nini juu ya hilo. Sidhani nilikosea, na sidhani nilifanya vizuri. Mkono ulikuwa umezoea kwenda, ukaenda.

Meneja wetu alikuwa Bwana Kariuki, mtu wa Murang'a, mpole, asiyependa maneno mengi. Aliitwa akaja kuona. Alisimama pale akiwa ameshika kofia mkononi, kisha akarudi ofisini na kufunga mlango. Ninaamini siku hiyo ndipo alipoamua, lakini hakutuambia.

Tulichokipata sisi ni uvumi. Dereva wa kampuni alirudi kutoka Nairobi akasema ameona sanduku limeandikwa jina la kiwanda chetu, na ndani kuna mashine inayofanya kazi ya makarani wote. Basi ofisi ikawa kama nyumba ya matanga. Tuliomba, hata tukafunga. Nilimtazama meneja usoni kila asubuhi nikitafuta habari, na sikuona kitu.

Kavata ndiye aliyeshindwa kungoja. Tukiwa tunakunywa chai aliniambia, "Mama Mwende, mimi siwezi kukaa hapa mpaka niitwe niambiwe nenda."

"Hakuna aliyesema tutafukuzwa," nikamwambia.

"Na hakuna aliyesema tutabaki. Unafikiria hii kitu wanaleta ya nini? Ya kupamba meza?"

"Ngoja kidogo."

"Nimengoja. Afadhali nitoke nikiwa na heshima yangu. Nitarudi kule Tulia kwa mume wangu, nitafute cherehani."

Mume wake alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, akizinunua kule Tseikuru na kuzileta mnadani, kwa hivyo nyumbani alikuwa mgeni. Kavata aliandika barua ya kuacha kazi, akaaga kila mtu, akalia kidogo, akaenda.

Wiki iliyofuata Bwana Kariuki alituita sote. Alisema mashine inakuja kweli, na hakuna karani atakayeachishwa kazi. Wawili watafundishwa kuitumia. Wengine watatoka nje, waende vijijini kuwaonyesha wakulima jinsi ya kutenga pamba safi na chafu, kwa sababu kampuni imetaka kazi hiyo ifanywe miaka mingi na haikuwa na watu, watu wake wote wakiwa wamefungwa mezani wakinakili majina.

Nilisimama. Sikujua kwamba nitasimama. Nikamuuliza, "Bwana meneja, wewe umelijua hili tangu lini?"

"Tangu Krismasi," akasema.

"Na Kavata alipokuletea barua yake?"

"Wakubwa walikuwa hawajaweka sahihi. Nilitaka iwe hakika ndipo niseme. Sikutaka kuwaahidi kitu nikashindwa."

Mwende, nimelizungusha jibu hilo kichwani miaka hii yote. Si jibu la mtu mbaya. Ni jibu la mtu mwangalifu, na lilimtoa Kavata kazini kama vile ambavyo mtu mbaya angemtoa.

Nilipanda basi mpaka Tulia kumwambia arudi. Nilimkuta amekodi chumba kidogo cha mbao kando ya soko, amekaa nyuma ya cherehani ya kukanyaga kwa miguu ambayo bado hakuijua vizuri. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kicheko ambacho hakikuwa cha furaha.

"Nimeshaaga," akasema. "Nimelia mbele ya watu. Sasa nirudi niseme nini, kwamba nilikuwa nacheza?"

"Hakuna atakayekucheka."

"Mimi nitajicheka."

Nilirudi peke yangu, na nikaanza kuichukia mashine hata kabla haijafika.

Ilipofika, ilikuja na msichana. Alikuwa anaitwa Wangari, umri wake labda ulizidi kidogo tu wako wa leo. Alivaa sketi ya kijivu na viatu vilivyokuwa safi mpaka alipotoka kwenye gari. Tulitarajia mwanamume mwenye tai. Hatukumpigia kelele wala kumtukana. Tulimnyamazia tu. Saa ya chai ilipofika tulimiminiana sisi kwa sisi, na yeye akaenda nyuma ya jenereta akala mkate mkavu. Muli alisema, na akasema kwa sauti ili asikike, "Huyo ndiye alimtoa Kavata." Wote tulijua si kweli, lakini hakuna aliyembishia, nami sikumbishia.

Jumapili Wangari alikuja kanisani kwetu akakaa benchi la nyuma. Susu, bibi yako, hakujua ni nani. Aliona tu mgeni aliyekaa peke yake, na unamkumbuka Susu alivyokuwa, mgeni kwake hakupita njia bila kula. Nilitoka kwenye mkutano wa akina mama, nikafika nyumbani, nikamkuta msichana wa mashine amekaa kwenye kiti changu na sahani ya mahindi ya muthokoi mapajani, na wewe umemwegemea bega kana kwamba mlizaliwa pamoja.

Ulimuuliza, "Hiyo mashine hulala?"

Akakujibu kwa unyenyekevu, kama mtu mzima aliyeulizwa na mtu mzima, "Hulala nikiizima. Lakini haichoki, hata isipolala."

Akachukua kijiti akakuchorea herufi zote za mashine kwenye vumbi la uani, zikiwa zimepangwa vile zinavyopangwa kwenye vibonyezo vyake. Wewe ulizibonyeza kwa kidole mpaka giza likaingia. Nadhani uliondoka nyumbani siku ile, mwanangu, na kesho unafuata tu.

Ulipoitwa ndani kuoga, alibaki na mimi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mama, najua mnanionaje."

Nikasema, "Hatukuoni vibaya." Naye alijua kwamba nasema hivyo kwa sababu ya sahani iliyokuwa mkononi mwake.

"Nimeweka mashine hizi mahali pengine kabla ya hapa," akasema. "Katika ofisi moja kule, makarani waliachishwa wote. Mimi sikuambiwa. Nilifundisha mama mmoja wiki nzima, akajua, tukafurahi, kumbe alikuwa kwenye orodha ya kuachishwa. Nilikuja kusikia nikiwa nimeshatoka. Sisi hatuambiwi, mama. Tunaambiwa tu, nenda uweke."

"Sasa unafanyaje?"

"Sasa namuuliza meneja, kabla sijafungua sanduku. Makarani wako wanaenda wapi? Wa kwenu alinijibu. Wengine hukasirika."

"Na akikasirika, unarudi na sanduku lako?"

Aliangalia chini. "Sijui," akasema. "Bado sijafikishwa hapo. Nina wadogo zangu watatu shuleni."

Kesho yake nilimmiminia chai mbele ya kila mtu. Muli alinitazama kwa jicho la kando, kisha naye akamsogezea sukari. Nilikuwa mmoja wa wale wawili, na Wangari akanifundisha.

Kwa hiyo sikiliza sasa kuhusu mema, maana yalikuwepo na nitakuwa mwongo nikiyaficha. Muli alisoma kilo, mimi nikabonyeza jina mara moja tu. Mashine ya kuchapa ikalia kama mtu anayepasua kitambaa, na risiti ikatoka na nakala zake zote. Kile kilichokuwa kikinakiliwa jioni kilikuwa tayari kimo ndani. Cha Jumamosi pia. Mtu akiandikwa Mbithe, alikuwa Mbithe mpaka siku ya kulipwa.

Mwanzoni wakulima hawakuikubali. Mume wa yule Mbithe wa Kalamba aliirudisha karatasi mezani akasema, "Hii haijaandikwa na mtu. Nikidhulumiwa nitamshtaki nani?" Nikachukua kalamu nikatia sahihi yangu chini. Akaikunja akaiweka kifuani. Basi msimu ule wote nilitia sahihi kwenye kila karatasi ambayo mashine ilikwisha kuimaliza. Bwana Kariuki aliona akaniacha. Msimu uliofuata watu wakaacha kuniomba.

Foleni iliisha. Mtu alifika asubuhi, na kabla jua halijawa kali alikuwa njiani anarudi. Habari zilienda mbali, na wale waliokuwa wakiwauzia madalali wakaanza kuja wenyewe. Pamba ikawa nyingi, mashine ya kuchambua ikaacha kusimama, na kiwanda kikaandika watu wapya wa kufunga marobota, akiwemo mdogo wake Kavata. Nilimwambia Kavata habari hiyo, akasema ni vizuri, akageuza uso.

Nami nikaanza kurudi nyumbani mchana. Hili ndilo sijawahi kukuambia. Kabla ya hapo, msimu wa pamba nilikuwa nafika umelala na kuondoka umelala, baba yako akiwa kwenye kazi ya reli huko Voi. Siku ya kwanza niliyofika jua likiwa bado juu, ulikuwa uani na Susu. Uliniona, ukasema "Mama amekuja," kama mtu anayetangaza kwamba posta imefika, kisha ukaendelea na mambo yako. Ulipoangua kilio baadaye kwa sababu ya mwiba, ulinipita mlangoni ukamkimbilia yeye.

Niliingia ndani nikakaa kitandani. Mashine ilikuwa imenirudishia mchana wangu, na sikujua wa kuutumia naye. Nilifikiria kuomba kazi ya ziada. Kweli, nilifikiria hivyo. Ilichukua muda mrefu, nikikaa tu pale uani nikichambua mboga ambazo Susu angezichambua kwa haraka kuliko mimi, mpaka siku moja ukaniletea kitabu chako cha hesabu bila kuambiwa. Sikuinua kichwa nisije nikakutisha. Hayo ni mema au si mema? Sijui hata niyaite nini.

Msimu huo wa pili ulipopita, kampuni ilinitoa mezani ikanipa baiskeli niende vijijini. Nilifika Kalamba kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, mimi niliyekuwa nimeandika jina Kalamba kuliko jina langu. Mbithe alinikaribisha. Alikuwa na mtoto anayetembea, anaitwa Nzilani, jina la mtoto aliyezaliwa njiani. Mkono wa kushoto wa Mbithe hauna nguvu tangu utotoni, na pamba yote ile aliichuma kwa mkono mmoja. Nilikaa naye shambani nikimwonyesha jinsi ya kutenga iliyo safi na iliyoingia majani. Miaka yote alikuwa jina na kilo kwangu. Sikuwa mtu mbaya, Mwende. Sikuwa na nafasi ya kuinua macho.

Lakini usidhani moyo wangu ulitulia. Kuna siku nilipita ofisini nikamkuta kijana mgeni amekaa pale pangu, anabonyeza huku akizungumza na mwenzake mambo ya mpira. Kazi niliyoifanya kwa kuumwa na kifundo cha mkono, kazi ambayo watu waliniheshimu kwayo mpaka kanisani wakaniita nisome matangazo, yeye aliifanya bila kuitazama. Nilitoka nikaenda nyuma ya jenereta, pale pale alipokuwa akila Wangari, nikalia. Nilikuwa na baiskeli, nilikuwa na jioni zangu, nilikuwa nawajua watu, na bado nikalia. Ukiingia kwenye maofisi utakutana na mtu anayelia hivyo huku mambo yake yakiwa yamekuwa mazuri. Usimwambie kwamba mambo yake yamekuwa mazuri. Anajua. Mpe muda.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Tulia kumwambia Kavata kwamba unasafiri. Duka lake sasa ni la mawe, anashona sare za shule. Stima imefika pale sokoni, na nilipoingia nikasikia mvumo. Alikuwa amefunga mota kwenye cherehani. Kando yake msichana wake wa kazi, Kamene, alikuwa anakata vitambaa.

Tulikunywa chai. Nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza. "Kavata, unajuta kwamba ulitoka kiwandani?"

Alifikiri kwa kweli, hakunijibu ovyo. "Sijui, Mama Mwende. Siku nyingine nasema ni Mungu alinitoa, maana hapa nimekuwa mtu. Siku nyingine naamka nikiwa na hasira na sijui ni ya nani. Meneja hakunifukuza. Mashine hata sikuiona. Sasa mimi nimkasirikie nani?"

Nilimwongezea chai.

"Lakini nikuambie kitu," akasema, akashusha sauti ili Kamene asisikie. "Nilipotaka kununua hii mota, nilimwita huyu mtoto kwanza, kabla hata sijaenda kuuliza dukani. Nikamwambia, nataka kuleta kitu, itashona haraka, wewe hutakanyaga tena. Utakuwa wa kukata, na nitakufundisha kupima watu. Kama hiyo haikupendezi, tuseme sasa. Akauliza maswali yake yote. Mengine sikuwa na jibu, nikamwambia sina jibu. Alilala usingizi wake usiku huo. Mimi kule kiwandani sikulala mwezi mzima."

Kisha akanishika mkono. "Mwambie Mwende awaambie watu mapema. Hata kama hajui yote, aseme lile analojua. Mtu anaweza kungoja, akijua anangoja nini."

Mwanangu, nimesoma juu hapo nilivyoandika, na naona nimekuchanganya pamoja nami. Sijakupa jibu la kama mashine ni njema. Kiwanda kilipona kwayo, nami nilipona kwayo kwa namna ambayo bado ninaizoea, na rafiki yangu alipoteza meza yake kwa kukosa neno moja la mtu mpole. Yote ni kweli kwa wakati mmoja. Sijui utalifanya nini neno la Kavata siku meneja atakapokukasirikia na wewe una kodi ya nyumba, maana Wangari hakujua na mimi sijui. Nenda tu ukijua kwamba siku hiyo ipo, na kwamba ikikufika, hutakuwa wa kwanza kusimama pale na sanduku bila kujua la kufanya.

Nawasikia mnakuja, mnaimba huko njiani. Ngoja niikunje barua hii niiweke chini ya nguo zako, nikufungulie mlango.

Mama yako,
Syombua